Jinsi ya kujua raifo ya mtumba ni ya mwaka gani kabla hujaagiza spea

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa wale wenye raifo za kuwindia za mtumba au za kurithi huku kwetu Kusini, kuanzia Masasi, Newala, Nachingwea, Liwale mpaka Kilwa. Kitu kikivunjika, iwe ekstrakta (kikucha kinachochomoa ganda la risasi iliyopigwa) au springi ya pini inayogonga risasi, mtu anapiga simu Dar anasema "nataka ekstrakta ya Brno", anatuma hela, mzigo unakuja na basi, anafungua boksi haiingii. Muuzaji hapo umuonee tu, maana Brno ni jina la raifo za Kicheki za matoleo mengi, kulitaja peke yake ni kama kusema nataka taa ya Toyota. Toyota ipi, ya lini?

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba raifo ya mtumba inaweza kuwa na miaka mitatu kwa mpigo. Bodi (chuma cha kati ambamo bolti inatembea) ina mwaka wake, mtutu una mwaka wake, bolti (chuma unachovuta nyuma na mbele kupakia) ina mwaka wake, na triga nayo saa ingine ni ya juzi tu. Raifo imepita mikono mingi, imebadilishwa mtutu ulipochakaa, imewekewa bolti ya ndugu yake. Kwahiyo swali la "raifo yangu ni ya mwaka gani" halitoshi, uliza hiki kipande kilichovunjika kimetoka kwenye raifo ya mwaka gani na toleo gani. Spea unaagiza kwa ajili ya kipande, jina lililoandikwa kwenye kitabu cha leseni halitakusaidia sana.

Kabla hujashika bisibisi

Toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, halafu ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote zitoke chumba hicho kabisa, sio kuzisogeza pembeni ya meza.

La pili ni sheria. Kwa Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na fundi wa silaha lazima awe na leseni ya kazi hiyo, sio kila mwenye mashine ya kuchomelea pale stendi ya Masasi. Wewe mwenye leseni kusafisha na kusoma mihuri (alama zilizogongwa kwenye chuma) ya silaha yako hamna tatizo, lakini mtutu, bodi na bolti usivichukulie kama spea za bodaboda, kuviingiza nchini kunataka kibali na muuzaji halali. Na kama raifo ni ya marehemu baba, bado imefungwa kwenye kanga juu ya dari na hakuna aliyehamisha umiliki, acha kusoma hapa nenda polisi kwanza, haya mambo ya mwaka yatafuata. Seriali namba usiiguse kwa namna yoyote, usiisugue, usiigonge upya hata kama imefifia, maana ukikutwa na namba iliyochezewa hakuna atakayekusikiliza.

Kuisafisha mpaka mihuri isomeke

Huku pwani chuma kinateseka sana, hasa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa, hewa ya chumvi inakula chuma hata kikiwa ndani ya kabati. Mihuri mingi inakuwa imejaa kutu na mafuta yaliyoganda. Usipige msasa! Msasa unaondoa muhuri pamoja na kutu, na mihuri hiyo ndo kitambulisho chako. Chukua mafuta ya taa au mafuta ya kulainisha nati, pakaza, acha usiku mzima, asubuhi sugua na mswaki wa zamani. Kutu ikigoma tumia steel wool ile laini kabisa ikiwa na mafuta, taratibu, na usikae sehemu moja.

Ukimaliza futa, halafu sugua chaki nyeupe juu ya maandishi na upanguse kwa kidole, chaki inabaki ndani ya herufi. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu uilaze pembeni karibu sawa na chuma ili mwanga upite kwa ubavu, utaona namba ambazo mchana hukuziona kabisa. Piga picha hapohapo.

Mihuri mingine imefichwa chini ya mbao, kwahiyo inabidi kutoa kitako. Skrubu za chini ni mbili au tatu. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaa kwenye mfereji wote wa skrubu, ikicheza utaivuruga na hiyo skrubu nayo itakuwa spea ya kutafuta. Kwenye Mauser (raifo za mfumo wa Kijerumani) za asili ya kijeshi kuna vijiskrubu vidogo vya kuzuia pembeni ya skrubu kubwa, vitoe hivyo kwanza, watu wanapambana na skrubu kubwa mpaka inakatika kumbe ilikuwa imefungwa na kadogo pembeni.

Sehemu za kukagua: juu na pembeni ya bodi pale mbele mtutu unapoingia, mtutu wenyewe upande wa kushoto na wa chini, shina la mkono wa bolti, na chini ya bodi. Namba za bolti na bodi zilinganishe. Kwenye Mauser na za Ulaya nyingi namba nzima au tarakimu za mwisho huwa zinajirudia kwenye bolti, zisipofanana ujue bolti ni mgeni.

Brno na CZ

Naanza na hizi kwa sababu ndo nyingi na bahati nzuri ndo rahisi kusoma. Silaha za Kicheki zikishapimwa kiwandani zinagongwa muhuri wa simba mdogo mwenye mikia miwili, na karibu yake tarakimu mbili za mwaka. Ukiona simba na 74 basi ilipimwa 1974. Hamna hesabu wala jedwali. Tafuta muhuri huo kwenye bodi na kwenye mtutu, mara nyingi na kwenye bolti pia, na ulinganishe. Bodi ikisema 71 na mtutu 88 basi mtutu ulibadilishwa, na hilo sio baya ila ulijue.

Muhuri wa mwaka ukiwa umekufa, soma maandishi ya nchi. Ikiandikwa Made in Czechoslovakia basi ni kabla ya nchi hiyo kugawanyika Januari 1993. Ikiandikwa Czech Republic ni kuanzia hapo kuja huku. Kwa maandishi hayo peke yake ushajua unatafuta spea za ZKK (raifo za Brno za enzi hizo) au unakaribia CZ 550 zilizofuata.

Sasa matoleo. ZKK zilianza miaka ya 1960 na zipo za saizi tatu, watu wanazichanganya kila siku. ZKK 600 ni ya urefu wa kawaida, ndo utakuta kaliba za .30-06, 7x57, 7x64 na 8x57. ZKK 601 ni fupi, ya .308 na .243. ZKK 602 ni ile kubwa ya nyati, .375 na .458. Bolti ya 600 haiendi kwenye 602, magazini haiendi, springi ya magazini haiendi. Namba ya toleo huwa imeandikwa kwenye bodi upande wa kushoto, na ikifutika pima tundu la juu la kuingizia risasi kwa rula utajua.

Zile ZKK za mwanzo zina tundu dogo la kulengea linalochomoza kwenye daraja la nyuma la bodi, unalibonyeza linajificha. Za baadae hawakuliweka tena. Ukiwa nayo mwambie muuzaji, maana bodi yake nyuma imekatwa tofauti na kipande hicho kikipotea huwezi kukitoa kwenye ya baadae.

Halafu sefti, yaani kile kizuizi cha raifo isifyatuke. Kwenye ZKK nyingi sefti inakwenda kinyume na raifo nyingine, ukisukuma mbele ndo imefungwa, ukivuta nyuma ndo iko tayari kupiga. CZ 550 imekaa kama wengine, mbele ni tayari. Hii naisema mara mbili mbili kwa sababu mtu aliyezoea 550 akiazimwa ZKK porini anaweza kuamini amefunga kumbe amefungua. Na kwa upande wa spea, sefti na triga za hizo mbili usizichukulie kuwa ni moja hata kama bodi zinafanana kwa macho. Ile triga ya 550 ambayo ukiisukuma mbele kidogo inasikika "tik" na kuwa nyepesi, hiyo ni seti yake kamili, agiza kamili.

Ukikuta Brno ya zamani zaidi, Modeli 21 au 22, zile nyembamba zenye mkono wa bolti bapa, hizo ni za miaka ya mwisho ya 1940 na 1950. Bodi yake ni nyembamba kuliko Mauser ya kawaida kwahiyo akikwambia mtu "hii ni Mauser tu, chukua pini ya Mauser", mkatalie mpaka apime. Wenye .22 za Brno nyie mna raha yenu, magazini za CZ 452 zinaingia kwenye Brno Modeli 1 na 2 za zamani, hapo hata mwaka usikusumbue.

Mauser na za Kijerumani

Kusini hii ina historia na Mauser. Meli ya Marie ilitia nanga ghuba ya Sudi, hapo kati ya Mtwara na Lindi, mwezi Machi 1916 imebeba mizinga na risasi za Wajerumani, na Oktoba 1917 vita kubwa ikapiganwa Mahiwa. Kwahiyo bado unasikia mzee ana "bunduki ya Mjerumani". Kama ni ile Mauser ya 71, ya risasi nene za milimita 11 na baruti nyeusi, hiyo haina habari ya spea, ni ya kumbukumbu na ni ya kuripotiwa polisi, usijaribu kuipiga.

Zinazowindia kweli ni za mfumo wa 98. Juu ya bodi, pale mbele, za kijeshi zimeandikwa kiwanda na mwaka wazi, mfano DWM na 1917, au kifupisho kama byf na 43 maana yake 1943. Lakini huo ni mwaka wa bodi tu! Bodi nyingi za kijeshi zilikuja kufungwa mitutu mipya ya kuwindia baadae kabisa. Kwahiyo mwaka wa juu ya bodi unakusaidia kwa bolti, pini, ekstrakta na sefti, ila kwa mtutu na saiti tafuta mihuri ya mtutu.

Mitutu ya Kijerumani kabla ya vita kuu ya pili mara nyingi ina mwezi na mwaka kwa tarakimu, kitu kama 3 38 au 11.12, yaani Machi 1938 au Novemba 1912. Zile zenye taji juu ya herufi ni za kabla ya 1940 hivi, na tai juu ya N ni kuanzia hapo. Baada ya vita kuna ujanja wao wa herufi mbili badala ya tarakimu, A ni 0, B ni 1, C ni 2, D ni 3, E ni 4, F ni 5, G ni 6, H ni 7, I ni 8, na J wameiruka, K ndo 9. Ukiona HF ni 75, ukiona IC ni 82. Na kama imeandikwa W. Germany au West Germany, hiyo ni ya kabla ya kuungana kwao 1990.

Kwenye hizi 8x57 kuna jambo la uhai kabisa. Angalia mwisho wa maandishi ya kaliba, kuna 8x57I na 8x57IS, wengine wanaandika J badala ya I. Ile S inamaanisha risasi yenye kipenyo cha inchi .323, bila S ni .318 ya zamani. Jeshi la Ujerumani lilihamia .323 mwaka 1905 hivi, lakini mafundi wa raifo za kuwindia waliendelea kutengeneza za .318 miaka mingi baadae, kwahiyo mwaka peke yake haukuokoi, soma herufi au fundi apime mtutu. Risasi nene kwenye mtutu mwembamba ni presha, na presha inatafuta pa kutokea.

Kingine ni urefu. Sio kila Mauser 98 ni urefu mmoja. M48 ya Yugoslavia bodi yake ni fupi kama milimita 6 kuliko 98 ya kawaida, kwa macho huoni, bolti ya 98 ya kawaida haikai. VZ24 ya Kicheki yenyewe ni urefu wa kawaida. Zastava M70 na Mark X ni ndugu, hizo unaweza kutafutia spea kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Parker-Hale 1200 imeandikwa Birmingham lakini nyingi bodi yake ni ya Kihispania, Santa Barbara, kwahiyo unaweza kuhangaika na spea za Kiingereza mwaka mzima bure.

Za Kiingereza

Mradi wa karanga ulipoanza Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili yake, Waingereza walijaa huku na kila mmoja na bunduki yake. Bwana nyama maarufu wa Liwale, Ionides, yule wa nyoka aliyeishia Newala, alikuwa wa enzi hizo. Idara za wanyamapori za wakati ule zilitumia sana .404 Jeffery. Kwahiyo si ajabu kukuta raifo ya Birmingham au London kijijini kabisa.

Hizi mihuri yake inataka subira kidogo. Birmingham walikuwa na kimuhuri cha mikuki miwili iliyopishana kama herufi X, na kwenye nafasi zake kuna herufi ya mwaka, A ilianza 1921 na zikaendelea mpaka karibu na vita kuu ya pili. Ni kadogo sana, hapo ndo utashukuru ile chaki na tochi. Usipokaona, soma lugha ya presha. Mtutu ulioandikwa CORDITE (baruti ya zamani) na uzito wa baruti na risasi, mfano 60-480 MAX, ni wa mfumo wa zamani. Ulioandikwa tani, mfano 19 TONS, pamoja na taji juu ya BNP, ni wa baada ya kanuni kubadilishwa 1954. Na ukiandikwa BAR ni wa kuanzia 1989. Ukikuta NOT ENGLISH MAKE usicheke, maana yake silaha ilitoka nje, mara nyingi bodi au mtutu wa Kijerumani au Kibelgiji, ikapimwa Uingereza kati ya 1925 na miaka ya 1950. Hiyo spea zake zitafute kwa aliyeitengeneza, achana na jina la duka lililoandikwa juu.

Kwa makampuni makubwa ya London kama Holland & Holland na Rigby, vitabu vyao vipo, ukiwaandikia na seriali namba wanakwambia ilitoka lini na ikiwa na nini, kwa malipo. Kama una raifo ya namna hiyo hela hiyo inalipa.

Za Marekani

Winchester Modeli 70 ilianza 1936 na ikabadilishwa sana 1964, mpaka leo watu wanasema "kabla ya 64" kama vile wanataja ukoo. Seriali chini ya 600,000 ni za zamani, toleo jipya walianza na 700,000, na herufi G mbele ya namba ikaja 1968. Bila hata namba, vuta bolti utazame, ya zamani ina ekstrakta ndefu kama ulimi wa chuma imelala ubavuni mwa bolti, ya baada ya 64 ina kadogo ndani ya uso wa bolti. Miaka ya 1990 wakairudisha ile ndefu kwenye zile wanazoita Classic, kwahiyo ulimi mrefu na seriali yenye G sio feki, ni Classic. Usichanganye spea zake na za kabla ya 64 bila kupima.

Remington 700 ni ya 1962 kuja huku. Kushoto kwa mtutu karibu na bodi kuna herufi ndogo, ya kwanza ni mwezi, na miezi wameifuatisha na BLACKPOWDERX, B ni Januari, L Februari, A Machi, hivohivo mpaka X Desemba. Inayofuata ni ya mwaka, lakini hizo za mwaka zilijirudia baada ya kuisha alfabeti, kwahiyo unakuwa na miaka miwili ya kuchagua. Kuchagua tumia sefti: funga sefti halafu jaribu kuinua mkono wa bolti. Ukigoma kabisa, triga ni ya mtindo wa kabla ya 1982. Ukifunguka, ni ya baada, au ya zamani iliyobadilishwa. Ekstrakta yake ni kipete chembamba ndani ya uso wa bolti, kuna ya kugongewa ripiti na isiyo na ripiti, angalia yako kabla ya kulipa.

Na wenye 700 mpya mpya msome hapa: triga zinazoitwa X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 1, 2006 mpaka Aprili 9, 2014 kampuni yenyewe iliziita zirudi kwa sababu zilikuwa zinaweza kufyatuka zenyewe. Kama unanunua mtumba wa miaka hiyo, hapo kujua mwaka sio habari ya spea tena.

Sasa umejua mwaka, unaagizaje

Pima uso wa bolti, yaani pale kitako cha ganda kinapokaa. Familia ya .30-06, .308, 8x57 na 9.3x62 kitako cha ganda ni kama milimita 12. Ya .375 H&H na .458 ni kama 13.5. Ya .404 ni karibu 13.8, na .416 Rigby inafika 15. Ekstrakta inafuata kipimo hicho, kwahiyo hata raifo mbili za toleo moja mwaka mmoja zinaweza kutaka ekstrakta tofauti kwa sababu moja ni .30-06 na nyingine .375. Hapa ndo watu wa Brno wanapopigwa zaidi.

Kipande kilichovunjika usikitupe, hata vipande viwili. Kiweke juu ya karatasi ya mraba ya daftari la hesabu pamoja na rula, piga picha juu, ubavu na chini. Pini ipime urefu wote, unene wa shina na unene wa ncha. Springi ipime unene wa waya, upana wa nje na uhesabu mizunguko. Vipimo viwe vya vernia, rula ya shule haitoshi kwa ncha ya pini.

Ujumbe kwa muuzaji uwe hivi: "Habari kaka, naulizia ekstrakta. Brno ZKK 602, kaliba .375 H&H, muhuri wa simba bodi 76 mtutu 76, namba za bolti na bodi zinalingana, imeandikwa Czechoslovakia. Uso wa bolti milimita 13.5. Picha hizo hapo. Kama ulizonazo ni za CZ 550 niambie mapema." Ukiandika hivyo, muuzaji mwenye ujuzi anakujibu fasta, na asiye na ujuzi utamjua kwa jibu la "inaingia tu hiyo boss". Mwenye jibu hilo muage kwa adabu. Seriali namba nzima usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, mpe yule tu unayefanya nae biashara na ana leseni.

Springi, skrubu, folowa ya magazini (kibao kinachosukuma risasi juu), saiti na sefti ukizipata sahihi fundi anafunga siku hiyohiyo. Ekstrakta nyingi zinataka kusuguliwa kidogo zikae, iache kwa fundi. Bolti ni habari nyingine kabisa, hata ikiwa ya toleo lilelile na mwaka uleule haifungwi na kupigwa hivihivi, lazima fundi apime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda kwa geji zake, ile ya kupita na ile ya kutopita. Nafasi ikizidi ganda linapasuka na moshi wa moto unarudi usoni kwako. Kama hana geji, huyo sio fundi wa kukufungia bolti. Na mtutu au bolti ikibadilishwa, nenda na fundi wako polisi kumbukumbu zirekebishwe ziendane na leseni.

Spea ikishafungwa usikimbilie porini. Jaribu kwanza na risasi bandia zisizo na baruti wala fataki (kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini), ingiza taratibu, ingiza kwa nguvu, toa, angalia kama ekstrakta inashika kila mara na ijekta inarusha ganda nje. Funga sefti vuta triga, fungua sefti bila kugusa triga, gonga kitako chini kwenye mkeka mtutu ukiwa unaangalia juu nje ya nyumba. Pini isifyatuke kwenye hatua hizo zote. Baada ya hapo ndo risasi za kweli, mahali panaporuhusiwa, moja moja, na uokote kila ganda ulitazame: mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako, au fataki iliyotobolewa, maana yake simama urudi kwa fundi.

Kwa zile spea ambazo hazipatikani tena, kama za Modeli 21 au raifo za Kiingereza za kabla ya vita, fundi mzuri mwenye leseni anaweza kukuzungushia springi au kukuchongea pini kwa mashine akiwa na ile ya zamani ya kuigizia, na chuma kikiwa sahihi na kikachomwa inavyotakiwa inadumu. Skrubu pia, ila nyuzi za Kiingereza sio za milimita, ampe kipimo cha zamani asijelazimisha. Bolti ya kuchonga mtaani hapana, na kuchomelea mkono au meno ya bolti yaliyopasuka hapana vilevile, hata akikwambia alishafanya kwa mwenzio Ruangwa na bado anapiga nguruwe nayo.